Kiuno cha Bi Mkate

6 Februari

Kwako mpwa wangu mpenzi,

Amani ya Mungu ikufikie kabla hujaifungua bahasha. Huku sote wazima. Baba yako goti limemwachia, sasa anajitembeza mwenyewe mpaka dukani na kurudi na maneno ya watu. Mama yako anasema ule vizuri, na anasema nikuandikie mara mbili: ule vizuri. Mimi nipo kwenye cherehani yangu, mguu chini, mdomo juu, kama unavyonijua.

Utauliza mbona Shangazi hapigi simu. Simu nimeiachia misiba na watu waliokosea namba. Hili ni jambo la kukaa nalo.

Mwanangu, nimeandika kitabu. Usicheke, kaa kwanza. Ni kitabu cha kumfundisha kushona mtu asiye na fundi wa kumkalia karibu. Wasichana wananijia kila siku wanataka kujifunza, na chumba changu kinabeba cherehani mbili, pasi moja na mimi. Nikasema, Mungu alinipa mikono miwili tu, labda karatasi itanisaidia. Shule niliyoisoma unaijua ilipoishia, lakini maneno yalikuja yenyewe. Nimeandika palepale mezani pa kukatia, kwa hiyo ukikuta alama za chaki usizipanguse, nyingine ni nukta.

Mswada wote nimempa dereva wa lori la saruji, nimeufunga kwa kitambaa cha pazia. Wewe ndiye mhariri wetu, na ofisi yenu kazi yake ni kutoa vitabu. Mwonyeshe mkubwa wako. Kitabu kinaitwa Kwa Neema ya Mungu: Jinsi Nilivyojifunza Kushona na Wewe Utakavyojifunza, Pamoja na Mawaidha kwa Wasichana na Maonyo Kuhusu Pasi.

Niambie ukweli, ila uutie bitana.

Shangazi yako

*

27 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mzigo umefika ukiwa na vumbi la saruji, nao nimeusoma kwa siku mbili. Mimi mzima, nakula. Chumba ni kilekile, juu ya fundi milango, na randa yake ndiyo inayoniamsha kila asubuhi.

Sasa nakuandikia kama mhariri, unisamehe. Jina la kitabu ni refu kuliko jalada. Mtu anapita mbele ya duka na haraka zake. Akifika kwenye neno "Pamoja" ameshavuka barabara. Jina linatakiwa limshike mkono hapohapo.

La pili, sura ya kwanza. Tumemshukuru Mungu, sawa. Tumemshukuru fundi aliyekufundisha, sawa. Tukaishukuru cherehani, tukamshukuru aliyekuuzia cherehani, tukaombea mafuta yake. Kurasa saba, uzi haujaingia kwenye sindano! Aliyenunua kitabu cha kushona ana kitambaa mapajani, Shangazi. Mpe mkasi mapema. Shukrani zitakaa ukurasa mmoja, na Mungu atazisoma tu.

La tatu ndilo kubwa. Nanukuu: "Kwa mwili kama wa Bi Mkate, kata kama unavyomkatia Mama Posta, kisha ongeza kiganja kila upande, maana Bi Mkate kuanzia kiunoni ni nchi nyingine." Nimecheka mpaka mchoraji wetu akaja kuniuliza kama nimepata habari njema. Na yule kinyozi, "ambaye shati halikai begani, linateremka kama mtoto kwenye rundo la mchanga." Mimi nawajua hawa wote. Bi Mkate amenilisha mikate ya moto tangu sijaota meno. Lakini msomaji wa mbali atamjulia wapi?

Nimefanya jaribio. Nilimpa mhasibu wetu sura ya sketi, maana amenunua cherehani na hajui kitu. Alifuata kila neno. Sketi imemtosha yeye na kiti chake.

Halafu nina swali. Hawa watu uliowaandika, umewauliza?

Mpwa wako, mkata maneno

*

20 Machi

Mwanangu mkata maneno,

Barua yako imenikuta nabandika kola. Niliisoma, nikanuna, nikaisoma tena, nikacheka. Mwambie mhasibu pole, na sketi asiitupe, aikate katikati apate mbili.

Kuku wa jirani wameingia tena kwenye kikapu changu cha vifungo, mmoja amemeza kifungo cha koti la mteja na sasa tunamsubiri. Mama yako amepona mafua. Kwaya imepata vazi jipya, nimeshona mimi, rangi ya zambarau iliyoiva.

Jina nimekata. Sasa kinaitwa Kata, Shona, Vaa. Umeridhika? Sura ya kwanza nayo nimeikata. Niliumia, mwanangu, ilikuwa kama kukata kitambaa cha mtu mwingine. Sasa msomaji anashika mkasi ukurasa wa kwanza. Mungu nimempa mistari mitatu ila ya moyo wangu wote.

Kuhusu watu, sikiliza. Mimi namba hainikumbushi chochote. Aliyenifundisha kazi hakuijua futi ya kupimia. Alikuwa anamtazama mtu, anasema, "Huyu ni kama mke wa seremala, ila mikono mirefu," na nguo inakaa. Hivyo ndivyo nilivyojifunza na ndivyo ninavyofundisha. Ukiwatoa watu, kitabu kinabaki kama gauni kwenye hanga, halina wa kulivaa.

Hukuniambia: mkubwa wako amesemaje?

Shangazi yako

*

11 Aprili

Shangazi yangu, shikamoo.

Kuku je? Kifungo kimepatikana?

Sura ya kwanza sasa inatembea. Nilimsomea mchoraji naye akaanza kuchora bila kuambiwa: mkono wako na mkasi, na ule mkunjo wa kidole gumba. Amechora vizuri. Huyu mchoraji anachora vizuri sana.

Hoja yako ya gauni kwenye hanga imenikaa kichwani. Labda tuwaache watu, na pembeni ya kila mmoja tuweke vipimo vyake kwa inchi: bega, kifua, kiuno, nyonga. Asiyemjua Bi Mkate atashika namba, na anayemjua atacheka. Lakini vipimo viwe vya kweli, vya futi, si vya macho. Kitabu cha hadithi kikidanganya msomaji analia. Kitabu cha kushona kikidanganya zipu haifungi.

Shangazi, umenijibu kila kitu mpaka habari za kuku. Hili moja umeliruka. Umewauliza wenyewe?

Mpwa wako

*

2 Mei

Mwanangu,

Na wewe umejibu kila kitu ukaruka la mkubwa wako. Tumekuwa kama wageni wawili mlangoni, kila mmoja anamwambia mwenzake, "Tangulia wewe."

Haya, natangulia. Sijawauliza. Naogopa.

Wewe ulikuwa shuleni mwaka ule niliofiwa na mume wangu. Bi Mkate alifunga tanuri lake akaja kulala sakafuni kwangu mpaka nilipoweza kula. Muuza mkaa alinijazia jiko bila kusema. Kinyozi alikuwa anakuja kuketi tu, hasemi, anazungusha kitana chake. Hawa ndio niliowaandika kuwa mmoja ni nchi nyingine na mwingine mabega yanateremka. Niliandika kwa mapenzi, Mungu anajua, lakini mapenzi ya mdomoni yakiwa karatasini yanaonekana vingine. Nikiwapoteza hawa kwa ajili ya kitabu, nitakuwa nimeshona nini?

Basi nimesema. Niombee.

Shangazi yako

*

3 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sijapata jibu lako, nadhani lori limeharibika tena, ila dhamiri imeniwahi.

Mkubwa hajasema kitu kwa sababu sijamwonyesha. Mswada uko ndani ya mtoto wa meza yangu. Hapa ofisini kila mtu ana ndugu mwenye kitabu. Dereva ana shemeji, mhasibu ana babu na mashairi yake, na mkubwa akisikia neno "shangazi" hukunja uso kabla hujamaliza. Nilitaka kwanza kiwe kizuri mpaka asahau kuuliza ni cha nani. Nikawa nakirekebisha, narekebisha, kumbe naogopa tu. Akikikataa, nitakuandikia maneno gani?

Jumatatu nitampelekea. Na wewe nenda kwa Bi Mkate.

Mpwa wako

*

9 Juni

Mwanangu,

Barua zetu zimepishana njiani zikiwa na ungamo lilelile! Nilicheka peke yangu mpaka kinyozi akachungulia. Mungu ana utani wake.

Sasa keti nikupe habari. Nilisema, nisianze na kuomba ruhusa, nianze na kupima, nikishapima nitapata njia. Nikachukua futi nikaanza kwa muuza mkaa. Nikampima bega, nikampima urefu, namsifia hali ya hewa. Akaniuliza, "Fundi, nimeagiza nguo?" Nikamwambia hapana. "Kuna harusi?" Hapana. Akaweka chini gunia lake, akasema taratibu, "Kama daktari amekwambia kitu, niambie mwenyewe. Hiyo ni sanda?"

Mwanangu! Mpaka jioni mtaa mzima umejaa habari kwamba fundi anapima watu sanda. Mama Posta alinifungia mlango. Ikabidi niwaite wote chumbani kwangu na kuwaambia: ni kitabu, na nyinyi mmo.

Bi Mkate akasema, "Tusomee."

Nikasoma. Nilipofika kwa kinyozi na lile rundo la mchanga, wote walivunjika mbavu isipokuwa kinyozi. Nilipofika kwa Mama Posta, kinyozi ndiye aliyecheka kuliko wote. Ikawa hivyo: kila mtu anacheka zamu ya mwenzake. Mwishoni kinyozi akauliza, "Na mimi nitaandikwa kinyozi, au kinyozi hodari?" Hapo nikajua Mungu amepita. Mwuza viatu, ambaye sikumweka, amenuna mpaka leo kwa sababu hayumo! Nimemwongeza kwenye sura ya suruali.

Amebaki Bi Mkate. "Nchi nyingine" ameipenda, anajiita hivyo sasa akiuza mkate. Tatizo lake ni namba. Nimempima kiuno, inchi arobaini na sita. Anasema, "Andika thelathini na nane." Nikamwambia Bi Mkate, futi haina upendeleo. Akasema, "Basi nitoe." Na ameondoka. Siku ya nne leo, na mkate ananiletea kwa mkono wa mtu.

Mkubwa wako je?

Shangazi yako

*

28 Juni

Shangazi yangu, shikamoo.

Amekisoma. Nilisubiri nje ya mlango, nikasikia kikombe kinaanguka, halafu kicheko. Alikuwa amefika kwa muuza mkaa. Alitoka akauliza, "Huyu fundi ni nani?" Nikasema, "Ni shangazi yangu, bwana." Akasema, "Ah. Kila mtu ana shangazi. Huyu anajua kuandika."

Anakitaka, Shangazi! Ila ana masharti mawili. Kila aliyetajwa aweke sahihi kwamba amekubali. Na kila kipimo kiwe cha kweli. Ameagiza mhasibu ajaribu tena kwa vipimo ulivyotutumia, na safari hii sketi imemkaa. Sasa Bi Mkate. Nilimwuliza kama tunaweza kuitoa sura ya miili mipana. Akaniambia, "Nusu ya wanunuzi ni wanene, nusu iliyobaki inakuja. Bila sura hiyo sina kitabu." Nikasema tumtafute mtu mwingine mnene. Akasema, "Msomaji amempenda huyu."

Mpiga chapa anatupa nafasi mwisho wa Julai. Ikipita, ni mwakani, na mwakani mkubwa anaweza kuwa amempenda babu wa mhasibu.

Kama mhariri siwezi kukushauri uandike uongo. Kama mpwa wako nakaa kimya.

Mchoraji anakusalimu. Ameuliza kama unaweza kumshonea gauni, nitakutumia vipimo vyake.

Mpwa wako

*

15 Julai

Mwanangu,

Ukimya wa mpwa nimeusikia, na nimeuombea usamehewe. (Na mchoraji anayemtuma mhariri ampime, hilo tutaliongea. Mama yako amefurahi. Baba yako anajifanya hakusikia.)

Nilisali juu ya ile namba. Nilimwambia Mungu: thelathini na nane ni neno dogo tu, na linamfurahisha mtu aliyelala sakafuni kwangu. Kisha nikamfikiria mwanamke fulani mbali huko, ana mwili kama wake, amenunua kitambaa chake kizuri, amekata kama nilivyomwandikia, na gauni linakataa. Atadhani kosa ni la mwili wake. Nikaona siwezi.

Nikaenda kwa Bi Mkate mwenyewe, tanurini. Nikamwambia, "Nitakushonea gauni la thelathini na nane. Likikuingia, naandika." Akajifuta unga, akasema, "Leta!"

Nilishona kwa kitambaa cha shuka. Akaja chumbani, Mama Posta shahidi, kinyozi nje akiwa ametupa mgongo kwa heshima. Nikamwambia, "Tuanzie miguuni." "Miguuni ni kwa watoto," akajibu, akalivaa kwa kichwa. Kichwa kikapita. Mikono ikapita. Kifua, kwa nguvu za Mungu, kikapita nusu. Hapo ndipo safari ilipoishia. Mikono iko juu kama mtu aliyepokea wokovu, uso haumo, gauni haliendi mbele wala nyuma. Tukavuta. Mama Posta akapanda kiti, akavuta. Kitambaa kimya. Mimi nashona imara, unajua.

Sauti ikatoka ndani ya shuka: "Fundi!"

"Naam, Bi Mkate."

"Andika!"

"Niandike ngapi?"

"Andika hiyo yako! Andika hata hamsini, mradi nitoke!"

"Hamsini siandiki, dada, na hiyo nayo ni uongo."

Basi kikaanza kicheko humo ndani. Kwanza tulidhani analia. Shuka lote likawa linatikisika, na kwa kutikisika kule mshono wa ubavuni ukaachia wenyewe, mwanamke akatoka, machozi yanamtiririka, akaketi chini akacheka mpaka kinyozi akaomba ruhusa kugeuka. Akasema, "Arobaini na sita. Na hapo sijala." Akaweka sahihi hapohapo, ya kidole chenye unga na ya kalamu, ili mkubwa wako asiwe na shaka.

Ana sharti moja: achorwe akiwa anacheka.

Shangazi yako

*

4 Septemba

Shangazi yangu, shikamoo.

Vimetoka. Kimoja kipo mkononi mwangu na bado kinanuka wino. Bi Mkate anacheka ukurasa wa arobaini na moja, mpaka meno ya nyuma.

Nakala zinakuja na lori. Mimi siwezi kufika. Ofisi imenipeleka kwenye maonyesho ya vitabu, na mchoraji naye. Kwa hiyo uzinduzi ni wako, na nakuachia maneno ya kazi. Usisubiri kitabu kijiuze, kitabu kikikaa kwenye boksi hakina mdomo. Peleka kwanza wanakouza cherehani na vitambaa, ndipo maduka ya vitabu. Siku ya uzinduzi soma kurasa chache tu, na uache pale wanapotaka kusikia zaidi, usiwahubirie, nakujua. Ukae mezani na kalamu nzuri, na mtu akija muulize anataka kushona nini, kisha mwandikie neno lake mwenyewe. Na mtu asipokipenda usimfuate nyumbani.

Unaogopa? Mimi naogopa kwa niaba yako.

Mpwa wako

*

30 Septemba

Mwanangu,

Mungu ni mwema, na mimi nimechoka vizuri.

Tulifanya Jumapili baada ya ibada, mbele ya chumba changu. Nilitoa meza ya kukatia nje nikaitandika. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimesali mambo mawili: watu waje, na kiburi kisije. Maana nilijipiga pasi mbele ya kioo nikajiona ninavyopendeza na kalamu mkononi, nikaogopa.

Watu walikuja. Mtaa wa juu, mtaa wa chini, wanakwaya, wasichana nisiowajua. Nilisoma sura ya kinyozi, nikaacha katikati kama ulivyosema, watu wakapiga kelele. Kisha nikaketi nikafungua kalamu.

Mwanangu, hakuna aliyekuja kwangu! Wananunua kwa muuza mkaa, aliyekuwa ameshika boksi, halafu wananipita. Nikageuka kutazama. Foleni imepinda mpaka tanurini. Bi Mkate amesimama mlangoni kwake na kalamu ya kuandikia bei, anamwuliza kila mtu, "Ukurasa wangu uko wapi? Fungua hapo!" na anatia sahihi kwenye tumbo la picha yake. Na si sahihi tu. Wanawake wanasimama naye ubavu kwa ubavu wajipime. "Mimi naona umenizidi kidogo." "Basi wewe toa kiganja kimoja, soma hapo chini." Mmoja mwembamba alipelekwa kwa kinyozi. Mama mmoja mnene aliyekuja kutoka mbali, sura yake imejikunja, hataki kutazamwa, alisimama karibu na Bi Mkate, akajilinganisha naye kwa macho. Kisha akauliza, "Hii arobaini na sita ni kweli?" Bi Mkate akamjibu, "Ya kweli kabisa. Niliilipia." Yule mama akacheka, akanunua viwili.

Mimi nimekaa na kalamu yangu nzuri, meza nyeupe, inzi mmoja. Nikasema, Bwana, nilikuomba uniondolee kiburi, sikujua utatumia jirani.

Ndipo Bi Mkate akanyoosha shingo juu ya watu wote, akapaza sauti: "Jamani, msimpite yule mama pale. Ndiye aliyenipima!"

Wakageuka wote, wakaja.

Shangazi yako